Turubai la Shida na Raha

Pale Shanwe, mjini Mpanda, ng'ambo ya uwanja wa saruji wa mashine ya kukoboa mpunga, kuna ubao mrefu umekalishwa juu ya matofali. Zamani ulikuwa ubavu wa tela. Trekta likafa, tela likafuata, ubavu ukabaki, na watu wa Shanwe wameukalia miaka mpaka unateleza. Hicho ndicho kijiwe cha Telani. Kahawa ni ya Mama Athanasie wa Katumba, ambaye tangawizi anatia bila kumwuliza mtu, na majibu anatoa hivyohivyo. Wateja wa kudumu ni wanne na kila mmoja ana jina la kijiwe. Kalisti, fundi baiskeli, ni Kaimu. Didace, mlinzi mstaafu, ni Kufuli. Elias, aliyewahi kuwa karani, ni Mhuri. Na Denis wa bodaboda ni Redio, maana akiwashwa hazimwi. Siku hiyo ya mwezi wa tano, saa tisa alasiri, wote walikuwepo, birika lilikuwa limejaa, na upande wa Nsemulwa wingu lilikuwa linajikusanya taratibu, jeusi kama sufuria ya msibani.

Katarina alivuka barabara akiwa na ufagio mkononi na vumbi la mpunga mpaka kwenye kope.

— Kaka zangu, lile wingu mnaliona?

— Tunaliona, dada, — alisema Kalisti. — Karibu kahawa.

— Kahawa baadaye. Naomba turubai la kikundi. Lile kubwa. Nifunike mpunga, mvua ikipita nalikausha na nalikunja kwa mikono yangu.

Wote waligeuka kuutazama uwanja. Kweli bwana, mpunga ulikuwa umelala pale, gunia kumi na moja zimemwagwa juu ya saruji kutoka ukuta hadi ukuta. Katarina ni mjane. Alilima Majimoto msimu mzima akilala kwenye kibanda cha nyasi, akavuna, akapakia Fuso juzi, na kwa kuwa mpunga ulikuwa bado na unyevu, akauanika hapa kabla ya kukoboa. Mpanda nzima inajua: mpunga uliokwisha kukauka ukinyeshewa tena, mashineni unatoka chenga tupu, vipandevipande vya kulisha kuku, na usipokobolewa mapema unanuka. Msimu wa Katarina wote ulikuwa pale chini, kimo cha vidole viwili.

Kalisti aliweka kikombe chini, akavuta ukosi wa koti. Siku tisa alikuwa akivaa koti, jua lisijue la kumfanya. Lilikuwa koti la ukaimu. Kikundi chao, kikundi cha Tushikane, kina watu ishirini na sita, turubai kubwa moja, viti vya plastiki mia moja, na sufuria saba, na Katarina ni mwanachama tangu siku ya kwanza. Mwenyekiti ni Mzee Silvester. Naye Mzee Silvester alikuwa amekwenda kuvuna mpunga wake mwenyewe huko mbele ya Majimoto, porini kabisa, ambako mtandao haushiki mpaka upande juu ya kichuguu. Alipokuwa anapanda gari stendi alimshika Kalisti bega, akamwambia, "Kalisti, kikundi nakuachia." Kalisti alirudi Shanwe kifua mbele na jioni ileile akaanza kujiita Kaimu. Watu wakaona isiwe taabu, wakamwita.

Sasa hili ndilo lilikuwa ombi la kwanza la kweli tangu aachiwe.

— Dada Katarina, — alisema kwa sauti ya kikao, — mimi sina neno kabisa. Kabisa. Ila funguo ya stoo iko kwa Didace.

Didace alifungua kifungo cha shati. Funguo ilikuwa pale, imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu.

— Hata mimi sina neno, — alisema. — Funguo hii hapa. Ila kitu hakitoki hivihivi. Elias aandike kwanza.

Elias alitoa daftari kwapani. Hakuna aliyewahi kumwona Elias bila daftari lile. Hata ibada ya Jumapili huja nalo.

— Mimi nitakuwa na neno gani jamani? Kalamu hii hapa, mhuri uko mfukoni. Nitaandika akisharuhusu mwenye kuruhusu. Nimwandike nani?

Akamtazama Kalisti. Didace naye akamtazama Kalisti. Katarina akafuata macho yao, akamkuta Kalisti anakoroga kahawa isiyo na sukari.

— Kwa hiyo ni ndiyo? — aliuliza Katarina.

— Si kwamba ni hapana, dada, — alisema Kalisti.

Katarina alimwangalia kidogo, halafu akaliangalia wingu.

— Mimi narudi kukusanya kwa ufagio. Peke yangu sitamaliza, mnaona wenyewe. Malizeni hayo maneno yenu, nitamtuma mkwe wangu aje kulichukua.

Akaondoka mbiombio, na ufagio ukaanza kusikika, shaa, shaa, shaa.

— Mmeona? — alisema Mama Athanasie akimimina. — Turubai lenyewe liko hatua thelathini kutoka hapa. Nyie mnalizungumza kama liko Kigoma.

— Mama, mambo ya kikundi yana utaratibu, — alisema Elias.

— Sawa. Na mvua nayo ina wa kwake.

Denis alikuwa amelala chali juu ya pikipiki yake, miguu kwenye usukani. Aliinuka.

— Oya wazee, hii ishu nyepesi sana. Semeni tu, Mzee Silvester alimwachia nani?

— Mimi, — alisema Kalisti.

— Mimi, — alisema Didace.

— Mimi, — alisema Elias.

Wakageukiana kwa mara moja, kila mmoja na kikombe chake hewani. Siku tisa hizo wote watatu walikuwa wanatembea Shanwe hii, kila mmoja akijua moyoni kwamba yeye ndiye aliyeachiwa, na kila mmoja akiwahurumia wenzake kwa kutokujua.

— Aliniambia stendi, — alisema Kalisti, na masikio yalianza kumpata moto. — "Kikundi nakuachia." Maneno yake.

— Mimi alinijia nyumbani alfajiri, sijanawa uso, — alisema Didace. — Akaniambia, "Didace, funguo hii isitoke mkononi mwako mpaka neno lifike."

— Neno la nani? — aliuliza Denis.

— Hakusema. Na mimi sikuuliza, nilikuwa na usingizi.

— Mimi alinipigia akiwa ndani ya gari, — alisema Elias. — "Elias, kisitoke kitu bila kuandikwa." Sasa niambieni, anayezuia kitu kutoka si ndiye mkubwa?

— Ala! — Kalisti aliruka. — Mwandishi awe mkubwa kuliko kaimu?

— Kaimu alikupa nani, Kalisti? Neno kaimu Mzee alilitamka?

Kalisti alivuta ukosi wa koti. Alijaribu kukumbuka stendi ile, honi, makuku kwenye tenga, Mzee Silvester na mguu mmoja garini. Neno kaimu halikuwemo. Alikuwa amelitia mwenyewe njiani akirudi, maeneo ya soko.

— Alilitamka kwa macho, — alisema.

Mama Athanasie alicheka mpaka akaweka birika chini.

— Nisikilizeni mimi, — alisema Denis. — Kitu chochote mkubwa wake ni mwenye funguo. Hii pikipiki, kadi inasoma jina la bosi wangu, sawa? Lakini funguo nikiwa nayo mimi, ikifika njia panda, nani anaamua kulia au kushoto? Bosi? Bosi yuko kwake anakula ugali. Kwa hiyo Kufuli ndiye mwenyekiti. Kesi imekwisha.

Didace alishtuka mpaka akafunga kifungo cha shati.

— Hapana, hapana! Mimi usiniingize. Mimi mlinzi. Nimelinda magodauni miaka ishirini na mbili, sijaruhusu kitu hata kimoja kutoka, na sijaulizwa hata siku moja. Ukiruhusu ndipo unaulizwa.

Maneno hayo yalimwingia Kalisti penyewe. Maana yeye aliwahi kuruhusu. Mwaka jana, Mzee Silvester yuko msibani Karema, watu wa Nsemulwa walikuja kuomba sufuria kubwa ya ubatizo, na Kalisti, kwa roho safi tu, akasema chukueni. Ikarudi kitako kimebenuka nje, ukiiweka mekoni inazunguka peke yake. Vikao vitatu mfululizo ajenda ya kwanza ilikuwa sufuria. Mzee Silvester alisimama mbele ya watu ishirini na tano akauliza, "Nani aliruhusu?" na vidole vyote vikamgeukia Kalisti, cha Elias kikiwa cha kwanza. Hata mke wake alimwuliza usiku, umeruhusu wewe? Tangu siku ile Kalisti aliupenda ukubwa ule wa kuvaa koti, ila ule wa kusema ndiyo alikuwa anaupitia mbali.

— Tuanzie kwenye katiba, — alisema Elias, akalamba kidole na kufunua kurasa. — Hii hapa. "Vifaa vya kikundi vitatumika katika shida na raha za wanachama." Swali: mpunga kunyeshewa ni shida au ni raha?

— Raha inatoka wapi hapo? — aliuliza Mama Athanasie.

— Ndiyo maana nauliza. Raha ni harusi, ubatizo, kipaimara. Shida ni msiba na ugonjwa. Sasa hapa nani amekufa?

— Hajafa mtu, — alisema Didace.

— Nani anaumwa?

— Hakuna.

— Basi si shida. Hiyo ni hali ya hewa.

— Ee Mungu wangu, — alisema Mama Athanasie.

— Lakini Mhuri, — alisema Denis, — huo mpunga ukiloa, si mama wa watu ataumwa presha?

— Akishaumwa ndipo inakuwa shida. Tutalitoa turubai, tena mimi nitakuwa wa kwanza kuandika.

Upepo ulipita. Ukainua vumbi la barabarani, ukakimbiza kifuniko cha birika, na mahali fulani nyuma ya Nsemulwa radi ikakohoa. Kalisti alitazama uwanja. Katarina alikuwa ameshafanya lundo moja dogo kwenye kona, na sehemu iliyobaki ilionekana kubwa kuliko mwanzo. Mgongo wake ulikuwa unapanda na kushuka. Kalisti akajisikia vibaya, kweli kabisa, akanywa kahawa.

— Tumpigie Mzee, — alisema.

Akapiga. Yule dada wa kwenye simu akamwambia kama kawaida yake kwamba mteja hapatikani.

— Tuma meseji, — alisema Denis. — Akipanda kichuguu ataikuta.

Kalisti aliandika, wote watatu wakimwinamia na kumsahihisha: "Shikamoo Mzee. Katarina anaomba turubai la mpunga. Wingu ni kubwa. Litoke lisitoke?" Wakamaliza, wakatuma, wakakaa kuitazama simu kama watu wanaosubiri maji yachemke. Na kumbe siku hiyo Mzee Silvester alikuwa palepale juu ya kichuguu. Simu ikalia mlio wa meseji. Kalisti nusura aiangushe.

— Soma! Soma kwa sauti!

— "Marahaba. Fanyeni kama tulivyokubaliana. Huku mavuno mazuri. Msalimieni mama Didace."

— Haya! — Didace alipiga goti kwa furaha. — Si hilo hapo? Neno limefika!

— Limesema nini? — aliuliza Denis.

— Tufanye kama tulivyokubaliana.

— Mlikubaliana nini?

Didace alimtazama Elias. Elias alimtazama Kalisti. Kalisti alipiga tena, mteja hapatikani. Mzee alikuwa ameshashuka kichuguu, amerudi kwenye mpunga wake.

— Mimi nilikubaliana naye kuhusu funguo tu, — alisema Didace, furaha imemtoka.

— Mimi kuhusu daftari.

— Na mimi alinishika bega, — alisema Kalisti.

— Sasa bega nalo ni makubaliano? — aliuliza Denis. — Mimi abiria wangu wote wananishika mabega.

— Ngoja, — alisema Elias. Alikuwa ameinua kidole na macho yake yamekuwa madogo, dalili kwamba jambo baya linakuja. — Ngojeni kwanza. Kuna kitu tumekiruka. Mzee Silvester, kuondoka kwake kuliandikwa na nani?

— Unamaanisha nini?

— Mimi ndiye mwandishi. Mimi sikuandika. Kikao cha mwisho, tarehe ishirini na nane mwezi wa nne, mahudhurio: Mwenyekiti, yupo. Baada ya hapo hakuna kikao. Kwa hiyo kidaftari, Mwenyekiti yupo.

— Yupo wapi na ametuma meseji kutoka kichuguuni?

— Mwili ndiyo uko huko. Cheo kiko hapa.

— Ni kweli! — alidakia Didace. — Halafu koti lake la mvua liko stoo, limetundikwa msumarini, mimi mwenyewe naliona kila asubuhi nikikagua. Mtu aliyeondoka kweli angeacha koti la mvua?

— Umesikia, Kaimu? — alisema Elias. — Kama Mwenyekiti hajaondoka, basi kaimu hayupo. Hakuna nafasi. Wewe hapo umekaa kama Kalisti tu.

Ilimchoma, nisidanganye. Siku tisa na koti lile katika jua la Mpanda, halafu mtu anakwambia hukuwa kitu. Kalisti alisimama.

— Kama yupo, mwulizeni basi! Nendeni stoo mkaliulize koti! Koti, turubai litoke?

— Usipandishe sauti, — alisema Elias. — Natafuta njia ya halali. Tuitishe kikao cha dharura. Katiba inasema wanachama tisa wanatosha. Hapa tuko wangapi?

— Watatu, — alisema Didace. — Redio si mwanachama, hajalipa kiingilio.

— Katarina wa nne, — alisema Elias, — yuko palepale uwanjani, tunamhesabu akifagia. Mke wangu wa tano, huwa anakubaliana na mimi.

— Lini? — aliuliza Mama Athanasie.

— Wakipungua, — alisema Denis, aliyekuwa amepata moto sasa, — chagueni kaimu wa Kaimu. Yeye ndiye aruhusu. Mambo yakiharibika analaumiwa kaimu wa Kaimu, na nyie wakubwa wote mko salama. Hata mimi niteueni, leo sina abiria.

— Hiyo si mbaya, — alisema Didace polepole.

— Si mbaya hata kidogo, — alisema Elias, na kalamu ikaanza kutembea. — "Kikao cha dharura. Mahali: Telani. Ajenda ya kwanza: kufungua kikao. Ajenda ya pili: kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita." Didace, tufungulie kwa sala.

Didace alivua kofia. Amini usiamini, alivua kofia, akafumba macho, akasema kwa jina la Baba, na radi ikaitikia kabla ya watu.

Alipofumbua macho, mbele yake alisimama mwanamke kijana aliyefunga kanga mbili, moja kiunoni na moja begani, miguu imejaa vumbi la mpunga. Alipiga goti kidogo.

— Shikamooni, baba zangu.

— Marahaba, — waliitikia kwa mpigo.

— Mimi Faith, mke wa Fredrick, mkwe wa mama Katarina. Nimefuata turubai.

Ndoa yake na Fredrick ilikuwa na mwezi mmoja na nusu, ametokea Nsemulwa, na kijiwe cha Telani alikuwa hajawahi kukikaribia. Hakujua nani ni Kaimu, nani ni Kufuli, wala kwamba mwenye daftari haingiliwi anapoandika. Wakamweleza. Elias alianza, Didace akaongezea la funguo, Denis akaweka mfano wa pikipiki, Kalisti akasoma meseji ya kichuguuni mara mbili. Faith alisikiliza yote kwa adabu, mikono mbele, akiitikia "ndiyo baba" kila walipovuta pumzi. Tone la kwanza likadondoka kwenye daftari, juu ya ajenda ya pili.

— Nimeelewa, — alisema. — Kwa hiyo turubai sipati.

— Hatujasema hivyo, — alisema Elias.

— Nitalipata?

— Hata hivyo hatujasema.

— Basi baba zangu, naomba kitu kimoja tu nirudi nacho. Mama ataniuliza, na mimi ni mgeni, sitaki kumsemea mtu uongo. Nani amekataa? Nitajieni jina tu, nimpelekee.

Didace alimtazama Elias. Yeye hakukataa, alisema hana neno, wote walisikia. Elias alilitazama daftari, akafunua ukurasa mmoja nyuma, kana kwamba jina lingekuwa limejificha huko. Denis aligundua kwamba kioo cha pikipiki yake ni kichafu sana. Mama Athanasie aliinamisha birika juu ya kikombe cha Kalisti. Likatoa matone mawili na masimbi ya kahawa, likaishiwa.

— Kahawa imekwisha, — alisema. — Mjibuni mtoto wa watu.

Kalisti alikuwa anatafuta. Kichwani mwake alipanga watu wote ishirini na sita, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amesema hapana. Miezi yote hiyo alikuwa anaogopa swali moja tu, nani aliruhusu. Alikuwa na majibu yake tayari, ameyapanga, hata kitandani alikuwa anayafanyia mazoezi. Hili la nani amekataa hakuwahi kuliwaza, wala Mzee Silvester hajawahi kumwuliza mtu kikaoni. Ng'ambo ya barabara Katarina alikuwa ameshavua kanga ya begani, anaitandaza juu ya kalundo kake kamoja, na upepo unaing'oa, naye anairudisha, unaing'oa tena.

Ndipo Kalisti akaweka kikombe chini. Akavua lile koti, akalitupa juu ya ubao.

— Didace, lete funguo.

— Nani kasema?

— Mimi.

— Wewe kama nani?

— Kama mimi, bwana! Kalisti! Lete!

Didace aliivua ile kamba ya kiatu shingoni, na ukimtazama usoni ungedhani ametuliwa gunia. Wakakimbia. Hatua thelathini zilikuwa kweli thelathini, hata hazikufika. Turubai lilikuwa zito, linanuka pilau ya mwezi wa pili, limekunjwa kwa kamba zilizofungwa na mtu asiyependa wenzake. Denis alileta pikipiki, wakalitupa juu yake, akalivusha barabara likiburuta mkia, Faith ameshika mkia, Didace anapiga mluzi kusimamisha magari, Elias anakimbia na daftari ndani ya shati. Mvua haikuwasubiri. Ilishuka yote kwa mara moja, zile mvua za kufungia msimu, nzito, na walipofika uwanjani upande wa ukutani ulikuwa umeshabadilika rangi.

Walivuta kona nne, wakakanyagia matofali, na kona ya tano ambayo turubai lile linayo, hakuna ajuaye kwa nini, Mama Athanasie aliikalia mwenyewe na birika lake tupu mapajani. Walifunika kilichofunikika. Halafu wakajibanza wote chini ya kibaraza cha mashine, wanahema, maji yanawachuruzika, wakaangalia ule upande wa ukutani mpunga unaelea na kuanza safari yake kwenda mtaroni.

— Gunia tatu, — alisema Katarina baada ya muda. Alikuwa anahesabu kwa macho, kama mkulima anavyohesabu. — Labda nne. Saba zimepona.

Hakuna aliyempa pole, kila mtu aliona aibu kuwa wa kwanza.

Elias alitoa daftari ndani ya shati. Lilikuwa limeloa pembeni. Akapuliza kalamu.

— Niandike sasa, — alisema kwa sauti ndogo. — "Turubai moja kubwa limetoka." Aliyeruhusu?

— Kalisti.

— Kalisti, Kaimu Mwenyekiti?

— Andika Kalisti tu.

Elias akaandika. Halafu Kalisti, shati limemganda mgongoni, akamgeukia Faith aliyekuwa anakamua kanga yake, akakohoa kidogo.

— Mkwe, lile swali lako la pale kijiweni.

— Ndiyo baba.

— Mwambie mama yako aliyekataa ni mimi. Na aliyeruhusu ni mimi. Nilichelewa tu hapo katikati.

Faith alitazama chini. Katarina, ambaye alikuwa hatua moja tu kutoka pale na amesikia kila neno, aliokota ufagio wake, akamwekea Kalisti mkononi.

— Ikikatika, — alisema, — anza na ule upande wa ukutani.